WNPP ya Debian: mapitio ya daftari la kazi zinazosubiri watu wa kujitolea

Debian haina bosi wa kugawa kazi asubuhi. Tangu Ian Murdock alipoitangaza Agosti 1993, mfumo huu endeshi umejengwa na watu wa kujitolea, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilibeba vifurushi zaidi ya 64,000. Kila kifurushi kinahitaji mtu wa kukitunza: kuingiza matoleo mapya, kujibu ripoti za hitilafu, kukirekebisha kinapogoma kujengeka. Mtu huyo akichoka, akibadilisha kazi au akifariki, kifurushi kinabaki bila mlezi. WNPP (Work-Needing and Prospective Packages) ni daftari la vifurushi vya namna hiyo, pamoja na vile ambavyo watu wanatamani viingizwe. Yeyote anaweza kulisoma na kuchukua kazi, haombwi cheti wala barua ya utambulisho.

Mapitio haya yanalitazama daftari hilo kwa jicho la mtu anayeijua Linux vizuri, anayetaka kusaidia, na ambaye jina lake halijulikani ndani ya Debian. Kwake huduma hii ni ya thamani kubwa, kwa sababu kazi zilizomo ni za kweli: ukiimaliza moja, matokeo yake yanafika kwenye mashine za watu. Lakini mpangilio wake haumsaidii mgeni hata kidogo, na anayeanzia sehemu isiyofaa huishia kupoteza miezi.

Kila kazi ni ripoti ya hitilafu yenye namba, iliyofunguliwa dhidi ya kifurushi cha kubuni kiitwacho wnpp. Kichwa cha ripoti huanza na herufi zinazoonyesha hali. O ni kifurushi yatima, mtunzaji ameshaondoka. RFA maana yake mtunzaji yupo ila anatafuta wa kumrithi. RFH, mtunzaji yupo na hana mpango wa kuondoka, lakini kazi imemzidi. ITA, kuna mtu ameshatangaza kwamba anamchukua yatima. ITP, kuna mtu anatengeneza kifurushi kipya. RFP ni ombi tupu: fulani angependa programu fulani iwemo, basi.

Wageni wengi hukimbilia RFP kwa sababu kuunda kitu kipya kunavutia. Hapo ndipo penye shida. RFP yeyote anaweza kuiandika, hivyo orodha hiyo imejaa programu zilizokwisha kufa, nyingine zenye leseni zisizokubalika, nyingine zinazodai maktaba kumi ambazo nazo hazimo Debian. Halafu kifurushi kipya lazima kipite foleni ya NEW, ambako wasimamizi wa hazina hukagua leseni na haki za kunakili, faili kwa faili. Unaweza kupita kwa siku chache, unaweza kukaa miezi. Kifurushi yatima hakina mzigo huo. Kimeshamo, kina watumiaji, na foleni ya NEW hakiigusi isipokuwa ukiongeza jina jipya la kifurushi kinachosakinishwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni O, kisha RFA. RFP iache kwa mwaka wa pili.

Daftari lenyewe, ukilisoma kwenye kurasa za Debian, ni orodha ndefu iliyopangwa kwa majina. Hakuna alama ya ugumu, hakuna lugha ya programu, hakuna dalili kama waandishi wa asili bado wako hai. Dawa ya hilo ni programu ndogo iitwayo how-can-i-help:

sudo apt install how-can-i-help

Kuanzia hapo, kila unaposakinisha kitu kwa apt, inakuonyesha ni vifurushi gani vilivyomo kwenye mashine yako vinavyohitaji msaada: yatima, vinavyotafuta mrithi, vinavyokaribia kuondolewa kwenye testing (tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo), na hitilafu zilizowekewa alama ya newcomer, yaani zile ambazo mtunzaji anaona mgeni anaziweza. Kwa kawaida huonyesha mapya tu. Ukitaka kuona yote tumia `how-can-i-help --old`. Kwenye kifurushi cha devscripts ipo pia amri ya wnpp-alert, inayofanya kazi inayokaribiana na hiyo bila kungoja apt. Huu ndio mlango bora kabisa wa mfumo mzima. Sababu ni rahisi: kifurushi unachokitumia unakijua kikiharibika. Kifurushi ulichokiokota kwenye orodha kwa sababu jina lake fupi hutajua kama toleo jipya linafanya kazi au limekufa kimyakimya.

Kabla ya kusema "nachukua", kagua. Fungua ukurasa wa kifurushi kwenye tracker.debian.org uangalie mambo haya: toleo la mwisho la waandishi wa asili lilitoka lini, hitilafu ngapi ziko wazi na ngapi ni za kiwango cha kuzuia toleo, na kama kinajengeka kwenye mitambo yote (aina zote za vichakataji). Kisha `apt rdepends jina` ikuonyeshe nani wanakitegemea. Kifurushi kisicho na anayekitegemea, ambacho waandishi wake walinyamaza miaka mingi na chenye mbadala ulio hai, huduma bora unayoweza kukifanyia ni kuomba kiondolewe. Kuondoa nako ni kazi ya kujitolea, na inahitaji watu wasioona haya kuifanya.

Kinachoangusha wengi kwenye yatima ni umri. Kifurushi kilichokaa miaka sita bila kuguswa hakikusimama peke yake, dunia iliyokizunguka imesogea. Programu za zamani za C ziliita kazi (functions) bila kuzitangaza kwanza, na kikusanyaji (compiler) kilikuwa kinaonya tu. Kuanzia toleo la 14 la kikusanyaji cha GCC onyo hilo limekuwa kosa na ujenzi unasimama. GCC 15 nayo imehamia C23, kanuni mpya za lugha ya C, kama kawaida yake, kwa hiyo tangazo la kazi (function) lenye mabano matupu sasa lina maana nyingine, na programu iliyojitengenezea aina yake ya `bool` inagongana na neno la lugha yenyewe. Upande wa Python, moduli ya distutils iliondolewa kwenye 3.12, na setup.py nyingi za zamani zinaanza kwa kuiita. Hizi ndizo hitilafu utakazokutana nazo zaidi, na nyingi hurekebishwa kwa mistari michache.

Jambo la pili ni debhelper, zana inayosaidia kujenga vifurushi vya Debian na ambayo tabia zake hupangwa kwa viwango vyenye namba. Ukikuta kifurushi kiko kwenye kiwango cha 9 na unataka kukipeleka 13, usiruke ukitegemea kitajengeka. Kiwango cha 10 kinawasha ujenzi sambamba na kuzalisha upya faili za autoconf bila kuombwa. Makefile iliyoandikwa ovyo hushindwa hapo, tena si kila mara, na ndiyo maana kosa lake linasumbua. Ukiona ujenzi unapita mara moja na kuanguka mara ya pili bila kubadilisha kitu, jaribu `dh $@ --no-parallel` kwenye debian/rules. Kiwango cha 13 kinasimamisha ujenzi ikiwa kuna faili lililosakinishwa kwenye debian/tmp na halikuchukuliwa na kifurushi chochote. Hapo una njia mbili: liingize kwenye faili la .install linalohusika, au liandike kwenye debian/not-installed kama kweli halitakiwi. Usizime ukaguzi huo. Mara nyingi unakuonyesha ukurasa wa mwongozo ambao watumiaji wamekosa kwa miaka.

Zana za kuanzia:

sudo apt install build-essential devscripts debhelper lintian git-buildpackage sbuild mmdebstrap uidmap

Hakikisha vyanzo vya apt vina mistari ya deb-src, kisha `apt source jina` itakuletea msimbo. Usijenge kwenye mashine yako moja kwa moja na kuridhika. Mashine yako ina maktaba ulizosakinisha zamani, na kama debian/control imesahau kutaja moja wapo, hutajua. Itakwama kwenye seva za Debian. Jenga ndani ya mazingira safi ya unstable, tawi ambamo vifurushi huingia kwanza; mmdebstrap huyatengeneza, sbuild hujenga ndani yake:

mkdir -p ~/.cache/sbuild
mmdebstrap --variant=buildd unstable ~/.cache/sbuild/unstable-amd64.tar.zst
sbuild --chroot-mode=unshare -d unstable

Hapa pana gharama ambayo miongozo mingi haisemi, na kwa anayenunua bando ni lazima aijue mapema. Kila ujenzi safi hupakua upya vifurushi vyote vinavyohitajika. Programu ndogo ya C haitakuumiza, lakini kitu kinachodai Qt au LaTeX kwa ajili ya nyaraka zake kinaweza kula mamia ya megabaiti, na utajenga si mara moja. Sakinisha apt-cacher-ng na uelekeze mmdebstrap na sbuild zipitie humo. Kilichopakuliwa mara moja kinabaki kwenye diski yako. Kwa sababu hiyohiyo, amri ya `gbp import-dscs --debsnap`, inayojenga upya historia yote ya kifurushi kutoka kumbukumbu za Debian, ni nzuri sana lakini ifanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi.

Kuna hatua moja ambayo daftari haliisemi kwa sauti, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yatima unaweza kumsaidia bila kumchukua. Jina la mtunzaji linabaki la kikundi cha QA (udhibiti wa ubora) cha Debian, unarekebisha hitilafu moja au mbili, na `dch --qa` inaandika kwenye changelog (orodha ya mabadiliko) kwamba huo ni upakiaji wa QA. Hujafunga ndoa na kifurushi. Umejifunza mzunguko mzima, kuanzia chanzo hadi hazina, na jina lako limeshaingia kwenye kumbukumbu.

Ukiamua kukichukua kabisa, tangaza kabla ya kufanya kazi, la sivyo utakuta mwingine amemaliza. Tuma barua pepe kwa control@bugs.debian.org yenye mistari hii tu:

retitle 1234567 ITA: jina-la-kifurushi -- maelezo mafupi
owner 1234567 !
thanks

Alama ya mshangao inamaanisha mtumaji mwenyewe. Ikiwa ripoti ilikuwa RFA, mwandikie kwanza mtunzaji aliyepo. Bado ni kifurushi chake. Kisha weka jina lako kwenye mstari wa Maintainer, na kwenye changelog andika kwamba kuna mtunzaji mpya, pamoja na `Closes: #1234567`, ili ripoti ijifunge yenyewe kifurushi kikipokelewa. Viraka vyote unavyoongeza viwe na maelezo ya juu yanayosema vimetoka wapi na kama vimepelekwa kwa waandishi wa asili. Kiraka kisichorudishwa kwao utakibeba wewe kwenye kila toleo.

Mfumo wa ripoti wenyewe unaendeshwa kwa barua pepe mwanzo mwisho, na hapa wageni waliozoea kubofya vitufe hukwama. Barua iwe maandishi matupu. Yenye mapambo ya HTML inaweza kusomwa vibaya au amri zake kupuuzwa. Andika `thanks` mwishoni, vinginevyo saini yako nayo itachukuliwa kama amri na utarudishiwa orodha ya makosa. Njia salama ni `reportbug wnpp`, inayokuuliza maswali na kuandika ripoti kwa mpangilio sahihi. Jambo la kujua kabla hujatuma: anwani yako ya barua pepe itaonekana hadharani na haitafutwa. Tumia anwani uliyoitenga kwa kazi hizi.

Sasa udhaifu mkubwa. Mgeni hana haki ya kupakia kwenye hazina. Anapeleka kifurushi mentors.debian.net kwa `dput mentors`, kikiwa kimesainiwa kwa ufunguo wake wa kidijitali wa GPG, halafu anafungua ripoti dhidi ya sponsorship-requests kuomba mdhamini, yaani mwanachama wa Debian atakayekikagua na kukipakia kwa jina lake. Wadhamini nao ni watu wa kujitolea wenye vifurushi vyao. Kazi ziko tele kwenye daftari. Macho ya kuikagua kazi iliyokamilika ndiyo yaliyo haba. Ripoti yako inaweza kujibiwa siku ileile, na inaweza kukaa wiki nyingi bila neno.

Usidhani ni uzembe. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya programu ya kubana faili iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliotegwa na mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka 2 kwa kumsaidia mtunzaji mmoja aliyeelemewa. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia unstable na testing ya Debian, ingawa toleo thabiti lilinusurika. Mdhamini anayesaini kazi ya mgeni anaweka jina lake juu ya kila mstari. Anapouliza kwa nini umeongeza kiraka hiki au faili lile limetoka wapi, anafanya kazi yake.

Yapo mambo yanayofupisha kungoja. La kwanza ni kufanya badiliko dogo. Upakiaji unaorekebisha hitilafu moja, wenye tofauti inayosomeka kwa dakika tano, hupata mdhamini haraka kuliko ule uliobadilisha toleo, debhelper, mpangilio wa faili na leseni kwa mpigo. Endesha `lintian -i -I`, mkaguzi wa makosa ya vifurushi, kwenye faili la .changes na uondoe makosa yote. Onyo unaloliacha lielezee kwenye ripoti. Weka kazi kwenye salsa.debian.org, hazina ya Git ya Debian, na uwashe ukaguzi wa CI (majaribio yanayojiendesha) wa Salsa, ili mdhamini aone ujenzi umepita kabla hajafungua chochote. Kubwa zaidi, tafuta timu. Vifurushi vya Python, Perl, Java, michezo na vingine vingi vina timu zenye wanachama wanaopakia kila wiki, na yatima anayeingia kwenye timu hafi tena mtu mmoja akiondoka.

Kifurushi kikishapakiwa unstable, kwa kawaida hungoja siku 5 kabla ya kuingia testing, kikiwa na majaribio yanayojiendesha (autopkgtest) yanayopita hungoja 2. Kwa hiyo andika jaribio, hata la mstari mmoja linaloendesha programu na kuangalia jibu. Ikiwa siku zimepita na hakijahama, soma sababu kwenye ukurasa wake wa tracker. Mara nyingi ni mtambo mmoja ulioshindwa kujenga, au kifurushi kingine kilichovunjika kwa sababu ya chako. Na ukikuta kifurushi kisicho yatima rasmi lakini mtunzaji wake amepotea, usikinyakue. Kuna utaratibu wa ITS (Intent to Salvage, kusudio la kuokoa kifurushi): unafungua ripoti ya kiwango cha important, unangoja angalau siku 21, kisha unapakia kwa foleni ya kuchelewesha siku 7 ili mwenyewe apate nafasi ya kukataa.

Asiyeandika programu naye ana nafasi, ila WNPP haimwonyeshi. Kuna kujaribu kisakinishi kwenye kompyuta halisi na kuripoti, kuna nyaraka, na kuna tafsiri, ambako Kiswahili bado kina nafasi kubwa. Msingi upo: glibc, maktaba ya msingi ya C, ina sw_TZ na sw_KE (mipangilio ya Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya), na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusemeshwa Kiswahili. Kwenye faili la tafsiri, sw.po, weka `nplurals=2; plural=(n != 1);` na ukague kwa `msgfmt -c -v -o /dev/null sw.po` kabla ya kutuma. Kinachoharibu tafsiri nyingi ni ngeli. Ujumbe ukiwa na `%s` (nafasi ya neno litakalojazwa na programu) mwanzoni, huwezi kujua kama kitakachojaa hapo ni kifurushi, faili au maktaba, na kitenzi kitapatana na kimoja tu. Soma mstari wa `#:` unaotaja ujumbe umetoka wapi, kisha itaje nomino mbele: "Kifurushi %s kimeondolewa." Zikiwa mbili na unahitaji kubadili mfuatano, andika `%2$s` na `%1$s`, ukizipindua bila namba, majina yatabadilishana nafasi, na kama moja ni `%d` (nafasi ya namba) programu inaweza kuanguka.

Kwa kulinganisha, orodha ya miradi ya kipaumbele ya Free Software Foundation inataja malengo makubwa na mtu hajui aanzie faili gani. FreeBSD nayo huviandika vifurushi visivyo na mlezi kwa anwani ya ports@FreeBSD.org, na huko kutuma kiraka cha kwanza ni kwepesi zaidi, ila hakuna kitu cha kuangalia mashine yako na kukuambia uanze wapi kama how-can-i-help.

Ikifika siku huna tena muda, endesha `reportbug wnpp`, chagua O, na uandike wazi hali ya kifurushi: toleo lililopo, hitilafu zinazojulikana, viraka ambavyo waandishi wa asili hawajavipokea, na anwani ya hazina yake ya Git. Ripoti nyingi za O hazina maelezo haya, ndiyo maana hukaa miaka bila kuguswa.